Kumpeleka mzee Dry Tortugas, ile ngome ya kisiwani Florida: siku moja inatosha au tulale?

MtangaWaTampa:
Wakuu heshima kwenu. Naomba kujuzwa na mliofika. Mzee wangu anakuja mwezi wa tatu kututembelea, mara yake ya kwanza Marekani, na mama kashanionya nisimzungushe madukani kama nilivyomzungusha yeye mwaka juzi. Mzee ni mwanajeshi mstaafu, JWTZ, Kagera alikuwepo, sa hivi ana miaka 69, na huyu mtu ukitaka afurahi mpeleke penye ukuta wa kale na mzinga basi. Sie utotoni Tanga wenzetu wakienda Raskazone wanaogelea, sie tunasimamishwa juani tunaonyeshwa Waingereza walishukia wapi 1914 na nyuki waliwafanyaje. Mpaka leo nikiona mzinga wa nyuki najua stori inaanza.

Sasa nimesikia kuna hii Dry Tortugas, hifadhi ya taifa ipo baharini kabisa kupita Key West, ngome kubwa katikati ya maji na ndege na kasa. Mwanangu wa miaka 9 yeye ni wanyama tu hataki kingine, kwahiyo nikaona hapa babu na mjukuu wote wamepata. Maswali yangu: boti au kile kindege kinachotua kwenye maji? Mzee goti la kushoto linamsumbua, ngazi zipo nyingi? Kulala hema kule inawezekana au naota? Na je thamani ya hela ipo maana nimeona bei nikafunga simu kwanza nikanywa maji.

kasamzee:
Karibu mkuu. Nimefika mara 2, moja ya kwenda na kurudi, moja ya kulala. La kwanza KATA TIKETI LEO usisubiri kesho, mwezi wa tatu huku ni msimu wenyewe, wanafunzi wapo likizo na wazee wa kaskazini wote wamekimbilia Florida, boti ni moja tu kwa siku.

Boti inaondoka Key West saa 2 asubuhi lakini saa 1 unatakiwa uwe ushafika, kwahiyo ile habari ya kutoka Tampa usiku muunge moja kwa moja sahau, ni masaa 7 ya gari, mlale Key West au hata mji wa Marathon ulio njiani. Halafu ile barabara mpitishe mzee mchana, madaraja 42 juu ya bahari, atafurahi kabla hata hajafika. Mwendo wa boti ni masaa 2 na robo hivi, maili kama 70 (km 113), mnafika saa 4 na nusu, saa 9 kasoro mnaitwa kurudi. Kwahiyo kisiwani mna masaa manne na ushee. Chai na chakula cha mchana vimo kwenye tiketi, miwani ya kuangalia chini ya maji na mpira wa kupumulia wanakuazima. Mtu mzima inazidi dola 200, ndani yake mna dola 15 ya kiingilio cha hifadhi, kama una ile kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa waonyeshe wanakupunguzia hiyo 15, mimi mara ya kwanza nilikuwa nayo mfukoni na sikusema, nikajilaumu njia nzima.

Kindege ni dakika 40 tu na mnaona kasa na papa kutoka juu maji yakiwa meupe, ila bei nilivyoangalia mimi inazidi mara mbili ya boti. Kwa watu watatu au wanne hiyo ni kodi ya nyumba.

Goti: ghorofa ya chini yote ni tambarare, uwanja wa katikati una miti na majani, anaweza kukaa siku nzima asipande hata ngazi moja akaona mengi. Kupanda juu ni ngazi za mawe za kuzunguka, nyembamba, ashike ukuta aende taratibu. TAHADHARI huko juu hakuna reli, ukuta ni futi 45 hivi mpaka kwenye handaki la maji, huyo wa miaka 9 mshike mkono msije mkatuletea mchango humu.

Lingine, kisiwani hakuna duka la chakula, hakuna maji ya kunywa, hakuna mtandao kabisa, simu inakuwa kamera. Ndo maana jina lenyewe, Mhispania Ponce de León alipita 1513 akakuta kasa tele akaita Tortugas, baadaye mabaharia wakaongeza Dry kwenye ramani kumwonya mwenzao kwamba hapa maji baridi hakuna, usijesogea kwa kiu. Na kabla hujaondoka angalia taarifa za hifadhi, mwanzoni mwa 2023 walifunga siku kadhaa maana Wakyuba karibu 300 walitua pale na vijiboti vyao. Kuba haiko mbali na pale ati.

BintiKibokoni:
Kakangu mie nakwambia jambo moja tu wallahi, vidonge vya kuzuia kutapika mnywe KABLA ya boti haijatoka, si mkishaanza kuona dunia yazunguka. Mie nlijidanganya mtoto wa Mombasa bahari nshaizoea. Kumbe bahari niliyoizoea mie ni feri ya Likoni 😂 dakika kumi ushavuka na umesimama karibu na mkokoteni wa maembe. Siku hiyo upepo watoka kaskazini, boti yapanda yashuka, chai nlokunywa nikairudisha yote na mayai juu yake, dada mmoja mfanyakazi wa boti aniletea barafu ya kuweka shingoni kila dakika tano, Mungu ambariki. Mume wangu mtu wa Nakuru hajui hata kuogelea alikaa nyuma anakula mkate. Hiyo ndo iliniuma zaidi.

Kaeni nyuma chini, si juu mbele. Na muangalie upeo wa bahari, si simu.

Lakini tulipofika nkasahau yote. Maji yale ni rangi sijapata kuona tangu Wasini. Na ile ngome, mie nimekulia kivulini mwa Fort Jesus, nlidhani ngome ni ngome. Fort Jesus ni mawe ya matumbawe, yakaa juu ya mwamba, mji uko mlangoni, wauza madafu wako. Hii imekaa peke yake, hakuna mji, ni tofali na bahari. Yatisha kidogo.

mzee_wa_bajeti:
Sitaki kuwa mchawi ila dola 200 kwa kichwa, ukizidisha watu wanne, hoteli Key West (ambayo nayo ni wizi wa mchana), mafuta... ukaangalie TOFALI? Na ngome yenyewe haikuwahi kupigana vita hata siku moja, nimesoma. Mzee wa Kagera unamwonyesha ngome ambayo haijapigana? Mpeleke mji wa St. Augustine huku huku Florida, kule kuna ngome ya Wahispania imepigwa mizinga kweli kweli, unafika na gari lako, ukichoka unakula samaki unarudi.

fundi_mwashi:
Mzee wa bajeti hapo kwenye tofali umenigusa, maana ndo kazi yangu. Nimejenga Mwanza nimejenga Jacksonville, na nakuambia nililipa hiyo hela nikatembea kwenye ile ngome kama mtu aliyeingia kanisani. Ngoja nieleze kwa faida ya huyo mzee pia.

Inaitwa Fort Jefferson, pande sita, wameanza 1846 wakajenga karibu miaka 30 na HAWAKUMALIZA. Tofali milioni 16. Kisiwani hakuna udongo wa tofali, hakuna kuni, hakuna maji, kila tofali limeshushwa kwenye meli. Sasa ukisimama nje ya ukuta angalia rangi: chini tofali ni za manjano manjano hivi, juu zinageuka nyekundu. Zile za chini zilitoka upande wa Pensacola huku huku kusini, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 Florida ikajitoa, na ngome ikabaki mikononi mwa jeshi la serikali ya kaskazini, tofali za kusini zikakata, wakaanza kuagiza za kaskazini, huko Maine. Kama nyumba za kwetu tu, unapita barabarani unaona kabisa hapa mwenye nyumba hela ilikata, akaja kuendelea baada ya miaka mitatu na fundi mwingine.

Lililonikamata mimi ni madirisha ya mizinga. Mhandisi alikuwa na akili sana, akaweka fremu na milango ya chuma ili mzinga ukishapiga inajifunga, adui asiweze kupenyeza risasi. Kwenye karatasi safi. Lakini chuma ndani ya tofali, pembeni ya bahari ya chumvi... fundi yeyote wa Dar anajua mwisho wake. Chuma kinakula kutu, kutu inavimba, inasukuma tofali polepole miaka na miaka mpaka uso wa ukuta unabenuka kama tumbo la mjamzito, halafu siku moja unaporomoka kwenye handaki. Kuna dirisha moja niliweka kidole kwenye ufa, cha kati kikaingia mpaka kiungo cha pili, nikatoa vumbi jekundu nikalinusa, ni kutu tupu. Kwahiyo adui hakuivunja ile ngome, ilivunjwa na kinga yake yenyewe. Sa hivi wanatoa chuma taratibu wanajenga upya kipande kwa kipande.

Kosa la pili msingi. Walidhani chini kuna mwamba, kumbe mchanga na matumbawe yaliyovunjika. Walichimba matangi ya maji ya mvua 109 chini ya kuta, mvua inanyesha juu, inapita kwenye mchanga wa kuchujia inashuka ndani, akili nyingi tena. Ukuta ukawa mzito ukazama, matangi yakapasuka, maji ya bahari yakaingia. Ikabidi walete mitambo ya kuchemsha maji ya bahari wanywe mvuke wake. Na vyoo vilikuwa vinamwaga kwenye lile handaki wakitegemea bahari kupwa na kujaa isafishe, haikusafisha sawasawa, na joto la Florida, sitaki kuendelea kuna watu wanakula.

Kuhusu kupigana ni kweli haikupigana. Lakini kuna stori inasimuliwa pale, mwezi wa kwanza 1861 meja mmoja anaitwa Arnold kafika na askari sitini na kitu, siku chache baadaye chombo cha watu wa kusini kikasogea kudai ngome isalimu amri. Ngome haina hata mzinga mmoja uliofungwa! Meja akajibu kamwambieni nahodha wenu asipoondoka nitamlipua. Wakageuza. Sasa mzee wa Kagera hiyo hawezi kuielewa? Huyo ndo mtu wa kumpelekea.

Na jambo la mwisho, wengi hawalisemi. Waliobeba zile tofali wengi walikuwa watumwa, wamekodishwa na mabwana zao wa Key West, ujira unaenda kwa bwana. 1847 saba kati yao waliiba boti wakakimbia usiku, wakafukuzwa wakakamatwa. Ukigusa zile tofali za chini za manjano kumbuka hivyo.

mzee_wa_bajeti:
Sawa fundi nimekusikia. Bado ni ghali lakini.

MtangaWaTampa:
Fundi aisee asante, hilo la matangi nitakaa nalo nisimwambie mzee mapema, namjua atauliza mwenyewe. Vipi kulala? na hao ndege je, dogo kashachapisha orodha kaibandika kwenye friji.

hema_la_bluu:
Mimi nililala usiku 2 mwezi wa 4 na mke wangu. Inawezekana ila sikushauri na mzee mwenye goti, nitakuambia kwanini, halafu nitakuambia kwanini ukienda mwenyewe siku nyingine ulale lazima.

Boti inabeba wapiga kambi 10 tu kwa siku, hizo nafasi zinaisha miezi mingi kabla. Unabeba kila kitu, maji galoni moja kwa mtu kwa siku (lita nne hivi), hema, chakula, na taka zako unarudi nazo. Mitungi ya gesi hairuhusiwi kwenye boti, mkaa tu. Na panya wapo, panya wa kweli, usiku wanapanda juu ya meza, chakula kiwe kwenye ndoo yenye mfuniko mgumu. Mke wangu alisahau pakiti ya njugu kwenye begi, asubuhi begi lina dirisha. Pia kuna vikaa vinavyobeba maganda ya konokono mgongoni, vinatembea usiku kwenye majani kwachakwacha, mara ya kwanza unadhani mtu. Choo cha kisiwani kinafungwa mchana boti ikiwepo, mnatumia cha boti.

Sasa uzuri. Saa 9 boti ikiondoka, wale watu mia na zaidi wote wanapotea, mnabaki labda ishirini na ngome nzima ya kwenu. Unazunguka juu ya ukuta wa nje wa handaki, upande mmoja bahari, upande mwingine maji yametulia unaona samaki wamelala. Usiku taa hakuna, nyota mpaka zinakera.

Na ndege. Kisiwa cha pembeni kinaitwa Bush Key, kiko karibu kabisa, miaka mingine mchanga unajaa unaunganisha visiwa viwili kwa nchi kavu, lakini kuanzia mwezi wa 2 mpaka wa 9 hivi wanakifunga hairuhusiwi mguu wa mtu. Kule ndo wanazalia buabua, mgongo mweusi tumbo jeupe, wanakadiriwa 80,000 mpaka laki moja, ndo koloni kubwa la uhakika la hao ndege katika Marekani bara yote. Wanataga yai moja moja chini kwenye mchanga, hata kiota hawajengi. Kelele mchana na USIKU, kama soko la Kariakoo siku ya mkesha wa Idi lakini wote wanauza kitu kimoja. Harufu upepo ukigeuka utaijua. Mimi nilikaa mpakani pale na darubini nikamwona mmoja kasimama juu ya yai lake mabawa ameyafungua kidogo analitia kivuli, jua kali mchanga unaungua, dakika arobaini hajasogea, mwenzie akaja wakapokezana. Nilikuwa na chupa ya maji mkononi nikaona aibu.

Mwambie dogo hili: kinda wa hao akishajua kuruka anaenda baharini na hagusi nchi kavu kwa miaka, na waliofungwa pete za miguu pale Tortugas wamepatikana pwani ya Afrika Magharibi. Mtoto wa Florida anakulia kwetu!

Halafu kisiwa kingine cha jirani, Long Key, kuna wale ndege weusi wakubwa wenye mkia wa mkasi, dume ana kifuko chekundu shingoni anakijaza upepo kama puto akitafuta mke. Na chini ya gati angalia, kuna samaki chewa mmoja mkubwa kama mtungi wa maji wa lita mia analala pale, nahisi analipwa na hifadhi.

kasamzee:
Hahaha chewa namjua, nilimwacha pale 2019. Niongezee kuhusu kuogelea: nguzo za gati la zamani la makaa ya mawe, zile chuma zimebaki ndani ya maji, ndo penye samaki wengi, ila maji pale ni ya kina, na samaki mzia wanakaa pale wanakutazama na yale meno. Hawafanyi kitu ila vua saa na cheni zinazong'aa. Kwa mtoto ni pwani ya upande wa kusini, mchanga, karibu na ukuta. Zamani kulikuwa na mamba pia, mmoja tu, alifika kwa njia anayoijua mwenyewe akakaa miaka pale ngomeni, 2017 wakamkamata wakamrudisha bara kwenye hifadhi ya Everglades maana watu walizidi kumsogelea.

Msomaji_Houston:
Mmesahau mfungwa maarufu. Wakati wa vita na baada yake ile ngome iligeuzwa gereza la kijeshi, wengi walikuwa askari watoro. 1865 wakaletwa wanne wa kesi ya kuuawa Rais Lincoln, mmoja ni Dkt Samuel Mudd, aliyemfunga mguu muuaji John Wilkes Booth usiku ule akikimbia. Chumba chake kipo juu ya lango kuu, unaingia, sakafu ina mifereji waliyochimba wenyewe maji ya mvua yatoke. 1867 ikaingia homa ya manjano, watu kama 270 wakaugua wakafa 38, daktari wa jeshi naye akafa, Mudd ndo akachukua kazi ya kutibu wagonjwa. Askari wakamwandikia Rais barua ya kumwombea, 1869 akasamehewa na Andrew Johnson. Mtu mwema, alionewa.

fundi_mwashi:
Kidogo hapo mkuu. Alitibu watu ni kweli, sikatai. Lakini huyo huyo alikuwa na watumwa shambani kwake Maryland, na Booth alikuwa anamfahamu tangu mwaka uliotangulia. Na mwezi wa 9 1865 alijaribu kutoroka, kajificha chini ya mbao ndani ya meli, wakamtoa. Unajua kilichokuwa kimetokea? Jeshi limeleta askari weusi kuja kulinda gereza, kikosi cha 82. Hakuvumilia kuchungwa na watu weusi, ameandika mwenyewe kwenye barua. Mimi hapo mlangoni kwa Mudd nilipita, nikaenda kukaa kwenye dirisha la lindo nikawawaza hao wa kikosi cha 82.

Msomaji_Houston:
Hilo la kikosi cha 82 sikulijua. Naenda kusoma.

BintiKibokoni:
Yakhe watu wauliza safari mwafanya kesi ya Lincoln upya 😂 Mtanga, chukua kofia zenye kamba. Upepo wa juu kule umenilia kofia mbili.

MtangaWaTampa:
(wiki saba baadaye)

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho, samahani kimya kilikuwa kirefu, mzee kaondoka juzi nyumba imepoa.

Tulienda kwa boti, siku moja. Vidonge tulikunywa saa 12 na nusu asubuhi kama Binti alivyoamuru, bahari ilikuwa imechafuka kiasi, aliyetapika ni mimi tu. Mzee alikaa nyuma ameshika goti lake anaangalia maji, dogo kalala mapajani kwake. Anasema bahari mbaya ni ya mwezi wa saba kwenda Pemba kwa jahazi, hii ni ziwa.

Ngome ikaanza kuonekana mbali, mzee akasimama hakukaa tena. Tumeshuka, watu wote wamekimbilia gati kupiga picha na lango, yeye kapita daraja la handaki, kaingia ndani, kasimama katikati ya uwanja kazunguka mara moja taratibu macho juu, akaniuliza swali la kwanza. Si mizinga. "Maji walitoa wapi?" Nikacheka peke yangu nikamkumbuka fundi. Nikamweleza matangi 109 na jinsi yalivyopasuka. Akanyamaza, akasema basi hii imeshindwa siku hiyo hiyo, adui angekaa nje mwezi mmoja tu hana haja ya kupiga. Nikamwambia na yule meja asiye na mizinga je? Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi, akasema huyo ningekunywa naye chai.

Juu alipanda. Nilimkataza, akanijibu jibu ambalo siandiki hapa. Alipanda ngazi moja anapumzika, ngazi moja anapumzika, nikawa nyuma yake nimetanua mikono kama mdaka mpira. Ile mizinga mikubwa ya Rodman huko juu, mdomo inchi 15, inasemekana mmoja una tani 25, dogo aliingiza kichwa mdomoni akapiga kelele "babuuu" ikarudi sauti nzito. Mzee akapima kwa shubiri, akauliza waliipandishaje, hakuna aliyemjibu vizuri, akakaa robo saa anatafuta alama za kapi ukutani mpaka akaona pete za chuma zimefungwa darini ghorofa ya chini, akasema enhe. Kwa Mudd tulipita dakika mbili. Kwenye dirisha la lindo tukakaa. Nikamweleza kikosi cha 82, akauliza walitoka mikoa gani, nikasema wengi kusini, wengine walikuwa watumwa miaka miwili mitatu nyuma. Hakusema kitu, akatoa kofia akajipepea.

Dogo: kamwona buabua juu ya yai kwa darubini ya kuazima kwa mama mmoja wa Kijapani, chewa kamwona, kasa kamwona kichwa tu kilitoka kikarudi, ng'amba au wa aina nyingine hatukujua. Habari ya kinda kukulia Afrika Magharibi ameshaipeleka shule, mwalimu amemwomba athibitishe 😂 hema la bluu ukisoma hapa naomba msaada.

Hela: mzee wa bajeti upo sahihi, ni ghali, bado nalipia kadi.

BintiKibokoni:
Picha basi!

MtangaWaTampa:
Zipo kwenye simu ya mzee, kaondoka nayo. Ametutumia jana kutoka Tanga, 214. Nimezipitia zote. Sisi tumo kwenye 9, chewa 1, zilizobaki ni nyufa, mifereji na mifuniko ya matangi ya maji.

fundi_mwashi:
Nitumie hizo za mifuniko mkuu.